Diski Juu ya Mafiga

Kompyuta ile tuliinunua kwa sababu ilikuwa ndogo, na mpaka leo nikiikumbuka kichwa huniuma upande mmoja.

Nilikuwa karani wa kamati ya mashamba pale Garsen, karani wa pekee, kwa hiyo ni mimi niliyefuatana na mwenyekiti kwenda Mombasa kuichagua. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mafuriko yalikuwa yamepungua lakini tope lilikuwa halijakauka. Mto ulikuwa umelala juu ya mashamba ya watu kwa miezi, na uliporudi ndani ya kingo zake ulituachia udongo mweusi mzuri na kuondoka na mipaka yote. Kazi ya kamati ilikuwa kuandika upya: shamba la nani lilianzia wapi, likaishia wapi, na nani shahidi. Wafadhili walitoa kompyuta moja, na kuichagua wakatuachia sisi.

Muuzaji alitutolea mbili, zote za mtumba. Ya kwanza ilikuwa mnara wa kusimama sakafuni, unafika gotini, na alipoifungua ubavu niliona vijumba vitatu vitupu vikingoja diski, na mianya minne ya kadi. Ya pili ilikuwa bapa, ya kulala mezani na kubebeshwa skrini mgongoni. Ndani yake mlikuwa na kijumba kimoja cha diski na mwanya mmoja wa kadi, na vitu vingine vyote vimebanana hata kidole hakipiti.

"Tuchukue mnara," nikasema. "Diski ikijaa tutaongeza nyingine."

Mwenyekiti, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu na hakupenda kuanza kwa kujibu, aliinama akaukumbatia ule mnara, akaunyanyua kidogo, akaurudisha chini. Kisha akaichukua ile bapa, akaitia kwapani, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi.

"Mto ukija," akaniuliza, "huo mnara ataubeba nani?"

Mtu aliyezaliwa Golbanti, kijiji chetu cha kando ya mto, hawezi kubishana na swali hilo. Kwetu kila kitu kinachoingia nyumbani hupimwa hivyo, kitanda, sanduku, cherehani: kitaingia kwenye mtumbwi au hakitaingia. Miezi michache kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwona shangazi yangu akililia kabati la mninga lililokataa mtumbwi. Kwa hiyo nilijua kwamba mwenyekiti amesema kweli, na nilijua pia kwamba tunafanya kosa, na hakuna kinachokera kama kuyajua hayo mawili kwa pamoja.

"Na tena," akaongeza, "mchagua jembe si mkulima."

Muuzaji, ambaye nadhani hajawahi kuona mto ukiingia jikoni, alitutazama kama watu waliokuja kununua mbuzi. Alitueleza kwamba kwenye ule mwanya mmoja tunaweza kuwekewa kadi ya kuunganishia diski ya nje, tukiihitaji siku za mbele, au kadi ya sauti, lakini si zote mbili. Nilifungua mdomo niseme ya diski. Mwenyekiti alikuwa ameshasikia neno sauti.

"Inaongea?"

"Inaongea, mzee, na ukiwa na maikrofoni inasikiliza."

Tukarudi Garsen na kompyuta bapa yenye diski moja ya megabaiti mia tano na kidogo, kadi ya sauti, na maikrofoni iliyofungwa kwenye sufu kama yai.

Sasa nieleze jinsi diski ilivyojaa, maana si mashamba yaliyoijaza. Shamba moja likiandikwa ni ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja kwa diski ni kama punje ya mchele ndani ya gunia. Aliyeijaza ni mwenyekiti. Kwa miaka thelathini mtu huyu alizungumza mbele ya watoto wanaosinzia, na sasa alikuwa amepata msikilizaji asiyesinzia. Jenereta ya ofisi ikishawashwa asubuhi, yeye huvuta kiti, husogeza maikrofoni, hukohoa mara mbili na kuanza. Hotuba za kufungua mikutano ambayo haikuwahi kufanyika. Nasaha kwa vijana. Historia ya ukoo wake mpaka babu wa sita. Dakika kumi za sauti yake zilikula nafasi ambayo ingetosha mashamba yote kutoka Garsen mpaka Kipini, nami nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo.

"Karani," akasema, "sauti ya mtu ni kitu kikubwa. Lazima ichukue nafasi."

Sikufuta hata moja. Nilitaka, Mungu ananijua, lakini kila asubuhi kabla ya kurekodi alizisikiliza za jana alizozimaliza huku akitikisa kichwa kwa kujikubali, na angekosa moja angenijia. Nilijaribu kuhamishia mashamba kwenye flopi. Joto na unyevu wa Garsen vilikuwa vikiziotesha ukungu ndani ya wiki mbili, na kompyuta ilizitema na kelele kama ya mtu anayesaga mchanga. Basi nikaendelea hivyo hivyo. Vijumbe vya onyo vilianza kunijia kwenye skrini: nafasi inakwisha, nafasi imekwisha kabisa. Kila kijumbe kilikuwa na kitufe cha kukubali, na mimi nilikibonyeza kitoweke, kama unavyompungia inzi mkono. Nikifuta barua moja ya zamani, ninapata nafasi ya shamba moja. Niliishi hivyo kwa miezi, na nikajiona hodari.

Lakini shamba lililoninyima usingizi lilikuwa letu.

Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya mafuriko. Shamba lake lilikuwa ukanda mrefu uliotoka ukingoni mwa mto kwenda ndani mpaka kwenye bonde la mpunga, na ubavuni mwake kulikuwa na ukanda wa mdogo wake, baba mdogo wangu. Maji yalipoondoka, baba mdogo alilima ukanda wake, kisha akaendelea kulima. Alipofika katikati ya shamba la mama, mama alikwenda akasimama mbele ya jembe lake. Baba mdogo akamwambia kwa upole kabisa, maana alikuwa mtu mpole na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mpaka ulikuwa pale siku zote, ni mto tu uliokuwa umewachanganya watu.

Aliyeujua mpaka alikuwa jirani yetu mmoja, mzee wa umri wa babu. Siku babu alipowagawia wanawe shamba, yeye ndiye aliyeshika ncha ya kamba ya kupimia. Wengine wote waliokuwapo siku ile, ukiacha baba mdogo mwenyewe, walikuwa wamezikwa. Nikamwomba aje ofisini atoe ushahidi, naye akaja, akiwa mgonjwa wa kifua, amevushwa mto na kuketishwa nyuma ya baiskeli. Alipofika, mwenyekiti alikuwa ametoka tu kwenda kumpokea mgeni nje, hotuba yake ameiacha nusu, kama kawaida yake ya kuacha kila kitu wazi. Nilimketisha mzee kwenye kiti cha mwenyekiti, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kuchapa anavyosema.

Alisema kwa utaratibu, kwa Kiswahili chetu cha mtoni kisicho na mapambo. Mimi nashika kamba huku, baba yao anashika huku. Tunaanza kwa mkuyu ule umelalia maji. Tunapita kisiki cha mkwaju. Tunafika mfereji wa zamani. Huku wa mkubwa, huku wa mdogo. Kompyuta ilikuwa nzito siku hiyo, herufi zilichelewa kutokea, nikawa ninamsihi mzee asubiri. Alipomaliza nilibonyeza pa kuhifadhi. Kijumbe kikaja, nikakifukuza. Cha pili kikaja, nikakifukuza nacho. Printa haikuwa na wino. Nikamwambia mzee kwamba wino ukifika nitampelekea karatasi aweke kidole gumba.

Wino ulichukua mwezi na siku kuja. Mzee hakuungoja. Nilikwenda mazishini nikiwa na huzuni, ndiyo, lakini pia, nikubali leo, nikiwa na utulivu fulani wa moyo. Nilijiambia kwamba maneno yake tunayo.

Baada ya hapo, kabla hata wino haujafika, kompyuta ilikataa kazi kabisa. Ilikuwa ikiwaka, inafika nusu ya njia, inasimama. Hata mwenyekiti alitishika, kwa sababu hotuba mpya haikuwa na pa kukaa. Akakubali tununue diski kubwa zaidi. Nikaenda posta, nikampigia simu fundi wa Malindi, nikamweleza kwamba mashine ni bapa, ndogo, ina kijumba kimoja.

"Dada, kompyuta zote ni moja," akasema. "Wewe nitayarishie chai."

Wakati ule magari yalikuwa yakija Garsen kwa msafara, askari mbele na nyuma kwa sababu ya majambazi, na mtu alikuwa akija kwa ratiba ya msafara na kurudi kwa ratiba ya msafara. Fundi alishuka na diski mpya ya gigabaiti mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa na saa mbili tu. Akashusha skrini, akafungua skrubu, akainua mfuniko, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Hii si kompyuta, dada. Hii ni mkebe wa biskuti."

"Nilikwambia."

"Waya wenyewe una kichwa kimoja. Nikitaka kuhamisha vitu kutoka diski kuukuu kwenda mpya, lazima zote mbili ziwe zimeungwa. Hapa hata nikipata waya, ya pili nitaiweka wapi? Kichwani mwangu?"

"Nilikwambia kwenye simu."

Ningeweza kulia. Alikuwa ameacha dukani kwake waya wenye vichwa viwili, kitu chenye uzito wa kanga iliyokunjwa. Alichofanya ni kung'oa diski ya zamani, kuweka mpya, na kuijaza programu upya huku akichungulia dirishani kama askari wameanza kupanda magari. Nayo mashine, kwa uzee wake, haikuikubali diski yote. Iliikubali sehemu ikaikana sehemu iliyobaki, na fundi akasema hilo nalo atalimaliza akirudi. Alipofunga mfuniko alinikabidhi ile ya zamani, nzito, baridi, ndogo kuliko nilivyodhani.

"Usiiangushe, usiiloweshe. Wiki ijayo nakuja na waya, tutaifungua mashine tuziweke mezani pembeni, nihamishe kila kitu."

Ofisi yetu ilikuwa ikivuja, na panya wake walikuwa wameshakula faili mbili za mafuriko. Nikaifunga diski kwenye gazeti, na Jumamosi nikaenda nayo nyumbani Golbanti. Jumapili nilipokuwa ninarudi kazini nikampa mama.

Hapa ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hili kichwani mara nyingi nikitafuta mahali pa kumlaumu mtu mwingine. Mama hakusoma, na Kiswahili alikitumia sokoni tu. Nilimwambia kwa Kipokomo, nikitaka aelewe uzito wa jambo: "Mama, humu ndani mna shamba letu. Liweke mahali salama kuliko pote."

Akalipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kitu.

Wiki ijayo ya fundi ilikuwa wiki tatu. Mara msafara umeahirishwa, mara barabara imekatika, mara yeye ana homa. Katika wiki hizo kamati ikapanga siku ya kusikiliza kesi ya mama na baba mdogo. Baba mdogo naye alikuwa ameshapanda mahindi mpaka katikati ya shamba letu, na yalikuwa yameota vizuri, ya kijani kabisa. Hatimaye fundi akapiga simu posta: kesho anafika. Nikapanda gari la mchana kwenda nyumbani kuchukua diski.

Mama alikuwa shambani. Nilitafuta sandukuni, hakuna. Chini ya kitanda, hakuna. Nikaingia jikoni, na macho yalipozoea moshi nikaiona. Juu ya mafiga yetu kulikuwa na uchaga, na chini ya uchaga mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa, yamefungwa majani yake kwa majani, meusi kwa masizi. Mwanamke yeyote wa mtoni huweka mbegu pale. Maji hayafiki, fukusi hawapendi moshi, na mwenye nyumba huiona kila anapopika. Katikati ya mahindi kulikuwa na kikapu kidogo cha ukindu kilichofungwa kwa kamba, na ndani ya kikapu, gazeti limeshakuwa rangi ya kahawa, mlikuwa na diski. Chini yake sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka.

Wiki tatu za moshi. Nilipoishika ilikuwa na joto na ilinata.

Mama aliponikuta jikoni nilikuwa tayari ninapiga kelele. Sitayaandika yote niliyosema. Nilimwambia kwamba ameichoma. Nilimwambia kwamba hata mtoto angejua. Nilimwambia, na hili ndilo linalonirudia, kwamba baba mdogo hakuwa na haja ya kumnyang'anya shamba kwa sababu yeye mwenyewe amelipika pamoja na maharage. Mama alisimama na jembe lake begani mpaka nilipoishiwa na pumzi.

"Ulisema mna shamba," akasema. "Mimi kitu cha shamba ninakiweka wapi?"

Nikaondoka na diski, na chai yake sikunywa.

Fundi alipoifungua kutoka kwenye gazeti alicheka mpaka akakaa chini. Aliinusa. Aliwaita watu wa duka la jirani waje wainuse. Mimi sikucheka, na nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu alinyamaza, akachukua pamba na spiriti, akaanza kusafisha zile pini moja moja, pamba ikitoka nyeusi kama ya mtu anayefuta taa ya chemli. Akaiunga kwa waya wa vichwa viwili, akailaza mezani juu ya kitabu cha mahudhurio, akawasha.

Ilizunguka. Ilipiga kwikwi mara moja, ikazunguka, ikasomeka.

"Kipo kila kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa heshima. "Moshi haukuingia ndani. Mwambie mama yako diski hii imetunzwa kavu kuliko zilizoko dukani kwangu."

Faraja niliyoipata hapo ilidumu kwa muda wa kuhamisha mafaili. Yalipomalizika nilifungua orodha, nikashuka mpaka jina la baba, nikafungua. Ukurasa ulikuwa mweupe. Nikafunga, nikafungua tena. Nikamwita fundi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpelekea mama, ona ulichofanya, ona sasa, yalikuwa yamejipanga mdomoni.

Fundi alitazama ukubwa wa faili, akatazama tarehe.

"Hili halikuungua, dada. Hili lilizaliwa tupu. Siku ulipolihifadhi diski ilikuwa imejaa, likapata jina tu, maneno yakakosa pa kukaa. Hukuona onyo?"

Niliona. Niliona yote mawili.

Fundi aliondoka na msafara wake, na jenereta ilikuwa bado inanguruma. Aibu ikiwa kubwa sana hutafuta mlango wa kutokea, na yangu ilipata mlango wa hasira. Nilifungua lile folda la hotuba za mwenyekiti. Nilikuwa na nafasi tele sasa, hakukuwa na haja ya kufuta chochote, lakini nilitaka kuzifuta zote kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, kuanzia ile kubwa kuliko zote. Nilipoigusa nikaona tarehe yake. Ilikuwa ya siku ileile mzee alipotoa ushahidi. Hotuba hiyo ndiyo iliyokula nafasi ya mwisho ya diski, na nikataka kusikia ni nasaha gani hizo zilizolishinda shamba la baba yangu.

Mwenyekiti alikohoa mara mbili. Akaanza kuhusu nidhamu ya wakati. Mtu akabisha hodi, mwenyekiti akasema "Subirini, ninakuja," kiti kikaburutwa, mlango ukalia. Kisha kimya, na vyombo vya chai kwa mbali. Nilikuwa nimenyoosha kidole nifute. Ndipo nikasikia mtu akikaa kitini kwa shida, na kikohozi kingine, cha kifuani.

Mwenyekiti alikuwa ameacha maikrofoni wazi, kama kawaida yake ya kuacha kila kitu wazi.

Kamati ilikaa siku mbili baadaye, palepale ofisini. Mwenyekiti alipoambiwa alichorekodi alijinyoosha kana kwamba alikusudia, nami kwa mara ya kwanza nilimwachia. Baba mdogo aliketi karibu na mlango, mama akaketi ukutani. Tangu siku ya jikoni hatukuwa tumesemeshana zaidi ya salamu. Nikawasha.

Mzee alizungumza kama alivyozungumza siku zote. Mkuyu umelalia maji. Kisiki cha mkwaju. Mfereji wa zamani. Huku wa mkubwa, huku wa mdogo. Hakuna aliyekohoa chumbani isipokuwa yeye. Baba mdogo alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Alipokuwa mdogo mzee huyo ndiye aliyemfundisha kutega samaki, na nadhani hakuwa amejiandaa kubishana naye.

Nilijua kilichokuwa kinakuja mwishoni, na ningeweza kuzima kabla. Nilikuwa na mkono juu ya kitufe. Kisha nikamtazama mama, nikauondoa.

"Umeweka?" mzee akauliza ndani ya mashine.

Ikasikika milio miwili midogo, ya vile vijumbe, na baada ya kila mmoja kidole kikigonga kitufe. Halafu sauti yangu, changamfu, ya mtu mwenye haraka.

"Nimeweka, mzee. Hii haipotei."

"Vizuri," akasema, na hapo nafasi ikaisha, na sauti ikakatika.

Watu walifikiri ndio mwisho wa ushahidi. Mama peke yake ndiye aliyenigeukia. Nilikuwa nimemweleza asubuhi ile, kwa maneno machache na macho chini, kwamba diski yake ilikuwa nzima na kwamba ukurasa mtupu ulikuwa wangu. Alikuwa ameniambia sawa. Sasa alinitazama kwa muda mrefu kidogo, kisha akageuza uso kwa baba mdogo, ambaye alikuwa anasema kwamba atayaacha mahindi yale yaivie mikononi mwa shemeji yake, na kwamba kesho waende na kamba.

Walikwenda na kamba. Mkuyu ulikuwa umeondoka na maji lakini shimo lake lilikuwapo.

Mwenyekiti alitaka ile diski ya zamani ibaki ofisini ndani ya kabati, kwa heshima, alisema, ya kumbukumbu. Nilimwambia ndiyo, na Jumamosi nikaitia kwenye mfuko wangu nikaenda nayo Golbanti. Mama alikuwa akipepeta mchele. Nilisimama mbele yake nimeishika kwa mikono miwili, nikamwomba anisamehe kwa yale ya jikoni, nikamwomba airudishe pale pale ilipokuwa.

Hakuinua kichwa. Alipepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kile kikapu na kamba ya ukindu, akaviweka mkononi mwangu.

"Funga mwenyewe," akasema. "Ukaze. Juzi nilifunga fundo moja."

Nikaingia jikoni, nikapanda juu ya kinu, moshi ukiniingia machoni, nikafunga mafundo mawili.